Nabii mpya kaingia mtaani Kigoma: kabla ya sadaka ya kujimaliza, ulizeni nani anahesabu

Mhazini Mstaafu (mleta uzi)

Wakuu, Bwana asifiwe, na asalaam aleykum kwa ndugu zetu wa Ujiji mnaopita humu.

Tangu mvua zikatike kuna turubai limefungwa upande wa Gungu, na spika zake na jenereta lake, na mtumishi anayejiita Nabii na Mtume kwa mpigo. Simtaji. Wala sijui kama ni wa kweli au wa uongo, ndiyo maana naandika. Wifi yangu anauza dagaa Kibirizi, na mtaji wake umeanza kuhamia madhabahuni kidogo kidogo. Tukikaa nyumbani kulijadili kila mtu ana kipimo chake. Huyu anasema mbona watu wanapona, yule anasema mbona ana gari la kifahari, mwingine anauliza kasomea wapi Biblia.

Mimi nimeshika uhazini wa kanisa la Kipentekoste muda mrefu. Wachungaji nimewaona wakiwa na suti mimbarini, na nimewaona wakija nyuma ya kanisa kuuliza "leo imepatikana ngapi". Msimamo wangu ni kwamba mtumishi hapimwi akiwa ameshika maiki. Apimwe pale anapoambiwa hapana, na pale anapoulizwa ile hela imekwenda wapi.

Uzi ni mrefu, wenye bando dogo mtanisamehe.

Nianze na miujiza, maana ndiyo inayowabeba watu. Biblia haikuipa miujiza kazi ya kumthibitisha mtu. Someni Kumbukumbu la Torati 13: nabii akitoa ishara, na ishara ikatimia, kisha akawaita mfuate miungu mingine, msimsikilize. Ishara imetimia na bado hafai! Na Mathayo 7 kuna wale watakaomwambia Yesu siku ile kwamba walitoa unabii na pepo kwa jina lake. Yesu habishani nao kama pepo walitoka au hawakutoka. Anawaambia hakuwajua kamwe. Kwa hiyo mtu anayeniambia "lakini mama fulani ametupa magongo" hajanijibu swali langu bado.

Halafu huu unabii wa kutaja majina. Watu wazima wanaanguka chini kwa sababu nabii kawataja majina yote matatu, la babu likiwemo. Hebu chukua simu, ingia sehemu ya kutuma pesa, weka namba ya mtu usiyemjua. Mara nyingi jina lake alilosajilia laini linatokea kabla hujathibitisha. Na namba yako uliiandika mwenyewe kwenye ile fomu ya maombi mlangoni, pamoja na unakotoka na "tatizo lako kwa kifupi". Yule dada wa mapokezi akakuuliza taratibu umekuja na nani na mnaishi wapi. Naamini karama za Roho, nimeziona, sisemi kila neno la maarifa ni la kwenye fomu. Ila unabii ambao hata wakala wa pesa angeutoa usikufanye uuze kiwanja.

Sasa hela, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo nilipoishi.

Kanisa linalojiheshimu, ibada ikiisha vikapu vinamwagwa mezani mbele ya watu wasiopungua watatu, na mchungaji hayumo chumbani. Kwetu noti za elfu elfu zinakuja zimekunjwa mara nne na zinanuka samaki, unazinyoosha moja moja kwa kiganja. Sarafu zinapangwa mafungu. Bahasha za fungu la kumi zinafunguliwa, kiasi kinaandikwa kwenye daftari mbele ya jina. Karatasi ya hesabu inasainiwa na wote waliohesabu. Jumatatu mmoja anapeleka benki, mwingine anatunza slipu, na mwisho wa robo mwaka washirika wanasomewa: kimeingia hiki, kimetoka hiki, bati zimegharimu hiki. Kazi inachosha, na mara nyingine mnakosana kwa ajili ya mia mbili. Lakini hiyo mia mbili ndiyo inayomlinda mchungaji mwenyewe asisingiziwe.

Wala si mambo ya wazungu wa NGO. Paulo alipokusanya msaada wa watakatifu wa Yerusalemu hakuubeba peke yake. 2 Wakorintho 8 inasema makanisa yalimchagua ndugu wa kusafiri naye, ili mtu asije akawalaumu katika karama ile, kwa kuwa walitaka mambo yawe mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji shahidi, huyu wa turubai ni nani?

Kuna kipimo ambacho hakihitaji ugomvi. Ile namba ya sadaka inayotangazwa kwenye spika, iweke kwenye simu yako usome jina linalotokea. Likiwa la kanisa, vema. Likiwa la mtumishi mwenyewe au la mkewe, basi ujue sadaka inalala nyumba gani. Kwa haki niseme kwamba yapo makanisa madogo vijijini, huko Uvinza ndani na Kakonko, hayana akaunti na yanatumia laini ya mhazini. Huo si wizi. Hapo unauliza tu: nani mwingine anaona taarifa ya hiyo laini? Usikilize jibu, na zaidi ya jibu uangalie uso.

Kuhusu sadaka ya kujimaliza, ile ya kutoa vyote ulivyo navyo, wanapenda sana kumtumia mjane wa Sarepta aliyempa Eliya mkate wa unga wake wa mwisho, 1 Wafalme 17. Wamesahau kuisoma hadi mwisho. Baada ya ule mkate wa kwanza Eliya hakuondoka na pipa la unga. Alibaki, akala nyumba ile ile, unga ule ule, njaa ile ile. Elisha naye alipopewa zawadi na Naamani aliikataa, na aliyekimbia nyuma ya gari kuifuata alikuwa Gehazi. Ukoma wa Naamani ukamshika yeye.

Mnakumbuka Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi mwaka 2024, Mei 15 hadi Agosti 15? Hela ilikauka mwalo mzima. Humo humo kukawa na watu wanauza "mbegu ya kufungua ziwa". Ndugu zangu, ziwa lilifungwa na serikali ili samaki wazaliane, na tarehe ya kulifungua ilishatangazwa kabla hata halijafungwa! Na chumvi ya upako wanatuuzia sisi, majirani wa Uvinza, tunaojua mfuko wa chumvi ni shilingi ngapi.

Karibuni tujadili. Matusi pelekeni kwingine.

Asali Mbichi

Nipo Urambo, Tabora. Huku kipimo chetu ni kalenda. Malipo ya tumbaku yakianza kuingia kwenye vyama vya msingi, ndipo mikutano ya injili inapoota kila kata. Msimu wa palizi, watu wanakula mihogo, humuoni nabii hata mmoja.

Mhazini Mstaafu

@Asali Mbichi huku kwetu ni mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikitoka mitumbwi inapumzika. Basi mikutano mikubwa inaangukia siku hizo hizo, wavuvi wako nchi kavu na hela ya giza ingali mfukoni. Anaweza kuwa mtu mwema aliyefuata nafasi ya watu, siwezi kumhukumu kwa hilo tu. Ila muangalieni na giza likirudi, kama bado anatembelea wagonjwa.

Moto wa Madhabahu

Mama, kuwa makini na kinywa chako. Zaburi 105:15, "Msiwaguse masihi wangu." Miriamu alimsema Musa akapata ukoma. Nyie wahazini mmezoea kuwafanya watumishi wa Mungu vibarua wenu. Madhabahu haihojiwi.

Mhazini Mstaafu

@Moto wa Madhabahu asante kwa kuja na andiko, tulisome pamoja. Rudi mstari wa 12. Wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa hadi taifa. Na anayekatazwa kuwagusa ni nani? Ni wafalme. Mwenye nguvu anakatazwa kumdhuru mnyonge. Leo andiko limegeuzwa, limekuwa la kumnyamazisha muuza dagaa asimuulize mwenye gari.

Daudi alikuwa mtiwa mafuta kwelikweli, na Nathani akamwendea, akamwambia "Wewe ndiwe mtu huyo." Daudi hakumlaani, alisema nimefanya dhambi. Petro alikemewa na Paulo Antiokia mbele ya watu wote, iko Wagalatia 2, na hakuna aliyepigwa na radi.

Kwa Miriamu umenipa andiko zuri kuliko ulivyodhani. Hesabu 12: Musa hakujitetea hata neno moja. Na dada yake alipopigwa ukoma, Musa ndiye aliyemlilia Mungu amponye. Sasa niambie, mtumishi wako akisemwa huwa anamwombea anayemsema, au anamtangazia mauti kwenye spika mtaa mzima ukisikia?

Binti Kasulu

Mimi Mkatoliki. Sisi padre akileta shida askofu anamhamisha, hana parokia yake binafsi. Nadhani hapo ndipo nyie mnapokosa.

Mhazini Mstaafu

@Binti Kasulu hapo umegusa jambo, dada. Swali la nani anaweza kumsimamisha ni zito kuliko swali la kasoma wapi. Waanglikana wenzenu hapo Kasulu wana askofu, Wamoravian wa Tabora wana sinodi, sisi tuna halmashauri na mkutano mkuu. Huyu wa kujitegemea ukimuuliza atakwambia ana baba wa kiroho nchi jirani, anaonana naye kwenye kongamano mara moja moja wakipiga picha. Huyo baba hajui hata turubai liko mtaa gani.

Ila tusidanganyane, dada. Kuhamishwa nako kumetumika kuficha. Duniani kote kanisa lenu limeumizwa na viongozi waliojua wakahamisha mtu na tatizo lake kumpeleka parokia nyingine. Ngazi inasaidia kama walio juu wako tayari kusikia mabaya ya wa chini.

Asali Mbichi

Naongezea. Niliwahi kukaa seminari kabla sijaona nyuki wana faida zaidi. Kuna maandiko ya Wakristo wa mwanzo kabisa yanaitwa Didake, wengi wanayaweka mwisho wa karne ya kwanza au mwanzo wa ya pili. Nakala yake ilipatikana Constantinople mwaka 1873. Wakati ule manabii walikuwa wanazunguka kama hawa wa kwetu, na kanisa likajiwekea utaratibu: mtume akija apokewe kama Bwana, akae siku moja, ikibidi ya pili. Akikaa ya tatu ni nabii wa uongo. Akiondoka apewe mkate wa kumfikisha anakolala. Akiomba fedha ni nabii wa uongo. Na raha zaidi, nabii akiagiza "katika Roho" meza iandaliwe, kisha akala yeye mwenyewe, ni wa uongo! Hawa watu walishayaona yote.

Mhazini Mstaafu

Hiyo ya meza imeniua. Namjua mmoja "Bwana alimwonyesha" kuku wa kienyeji kila nyumba aliyoingia.

Mtu wa Ujiji

Waislamu tunaruhusiwa? Huku kwetu wako wenye kombe na hirizi, mtindo mmoja. Swali langu: Loliondo 2011 mlikwenda wengi kunywa kikombe cha dawa cha babu. Yule babu alitoza Sh 500 tu, hakupandisha. Kwa kipimo chako cha hela alipita. Mbona kuna waliokunywa kikombe wakaacha dawa za hospitali?

Mhazini Mstaafu

@Mtu wa Ujiji karibu sana shehe wangu, na umenibana vizuri. Huyo babu wa Loliondo, kijiji cha Samunge, alikuwa mchungaji mstaafu wa KKKT, yaani Walutheri, na ni kweli bei ilibaki Sh 500 foleni ya magari ikiwa haina mwisho. Hela safi inanionyesha hakuja kuniibia. Hainionyeshi kwamba anachosema ni kweli. Mtu anaweza kuwa mnyoofu kabisa na akawa amekosea kabisa. Kwa hiyo nimekubali kwamba daftari peke yake halitoshi, na naongeza jambo moja ambalo mimi silijadili na yeyote: kiongozi akikutenga na hospitali, shule au ndugu zako, ondoka. Hata kama hajala senti yako.

Mgebuka wa Bangwe

Ndiyo habari ya Shakahola hiyo. Mwaka 2023 Kenya walifukua miili zaidi ya 400 msituni, watu waliambiwa wafunge hadi wafe wakamwone Yesu. Yule mhubiri alianza kwa kuwakataza shule na hospitali. Serikali ifanye kama Rwanda mwaka 2018, ifunge hayo maturubai yote, mchungaji awe na shahada ya dini.

Mhazini Mstaafu

@Mgebuka nakuelewa, na sheria tunayo. Huku Bara taasisi ya dini inasajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani. Kuuliza namba ya usajili ni haki yako na usione aibu. Lakini cheti hakimbadilishi mtu. Lile kundi la Kanungu, Uganda, lilikuwa na usajili, na ndani yake alikuwamo padre msomi. Viongozi walitabiri dunia itaisha mwaka 2000 ukiingia. Watu walishauza ng'ombe na mashamba wakakabidhi hela. Mwaka ukaingia, jua likachomoza, na inaelezwa waumini wakaanza kudai mali zao. Machi 17 mwaka huo huo mamia wakateketea ndani ya jengo lililofungwa.

Hilo huwa nalirudia kwa vijana wa kwaya. Unabii kufeli kulikuwa hatari, kudai kukawa hatari zaidi. Mtu wa Mungu akikosea tarehe angesema nimekosea, chukueni vyenu. Kwa hiyo usisubiri dunia iishe. Mdai kidogo mapema. Mwambie "ile elfu kumi ya viti naomba nione risiti." Mwambie "Jumapili hii sitakuja, nakwenda msibani Mwandiga." Kisha uone anavyokuchukulia wiki inayofuata.

Binti Kasulu

Mleta uzi, umetutisha vya kutosha. Mzuri yukoje? Au hayupo?

Mhazini Mstaafu

Wapo, tatizo hawana mabango.

Yuko mmoja mwambao wa kusini, sitaji kijiji. Kuhubiri hajui. Anahubiri kama anasoma tangazo la mkutano wa kijiji, na wimbo akianzisha yeye kwaya inapata shida kuudaka. Ziwa lilipofungwa 2024 aliita washirika, akasoma kilichomo kwenye daftari, akasema posho yangu ikatwe nusu hadi Agosti, na fungu la kumi la mwenye njaa lirudi kwake. Wazee wakakataa ya kurudisha, wakaona ni mfano mbaya. Wakabishana naye mpaka jioni, wakamshinda kwa kura, akakubali. Jumapili iliyofuata aliwasalimia wale wazee kama kawaida.

Mimi nilikuwa upande wa wazee kimawazo, nadhani walikuwa sahihi. Lakini nilichokipenda ni kwamba alishindwa na hakuna aliyelaaniwa. Na walioondoka kanisani kwake kwenda kwingine wakiumwa anakwenda kuwaona. Ukitaka kujua mchungaji, usiwaulize waliopo, hao wanampenda au wanamwogopa. Tafuta wawili watatu walioondoka. Kama wote wanaitwa waasi, wachawi, Yezebeli, na hakuna hata mmoja aliyeondoka kwa amani, hapo kuna jambo.

Moto wa Madhabahu

Mama na wewe nani alikuteua kuhesabu sadaka za Mungu?

Mhazini Mstaafu

Mkutano wa washirika, kwa kura, na kulikuwa na wakaguzi wawili wa kunikagua mimi. Mmoja alikuwa hanipendi. Ni vizuri awepo mmoja wa hivyo.

Mama Watatu

Samahani nimesoma kimya kimya tangu asubuhi. Mimi binti yangu yuko kidato cha tatu. Mtumishi kasema ana roho ya mababu, anahitaji maombi maalumu ofisini, yeye peke yake, saa mbili usiku. Ameshakwenda mara mbili. Kanyamaza sana siku hizi. Nimembana kasema ameambiwa akimsimulia mama, maombi yanavunjika.

Mhazini Mstaafu

Mama Watatu, asiende tena. Kuanzia leo. Huna haja ya kumuaga mtu wala kutoa sababu.

Hakuna maombi yanayovunjika kwa sababu mama amejua. Mtumishi mwenye akili anaombea msichana mlango ukiwa wazi na mama wa kanisa amekaa hapo, kwa usalama wa mtoto na wake mwenyewe. Kaa na binti, usimfokee, mwambie hana kosa lolote, halafu msikilize. Akikwambia ameguswa, usimpeleke kwa wazee wa kanisa kwanza na usikubali kuitwa kikao cha kusuluhisha. Nenda polisi, ulizia Dawati la Jinsia na Watoto, na hospitali mapema iwezekanavyo. Nguo alizovaa usizifue.

Mama Watatu

Nimempigia mzee wa kanisa kabla sijaona ujumbe wako. Kasema tutulie, mfungo wa siku 21 uishe kwanza ndipo walizungumze.

Mhazini Mstaafu

Usisubiri mfungo. Nitumie ujumbe wa siri uniambie uko mtaa gani. Kama uko Kigoma mjini nakuja kesho asubuhi twende wote. Kama uko nje ya mji, tafuta dada au shangazi ambaye binti anamwamini, mwende naye. Na simu ya huyo mzee akipiga tena, usipokee.